Viroboto ndani ya nyumba: namna ya kuwamaliza bila kupulizia sumu

Tulikuwa tumekaa matangani Kasulu wiki tatu. Nyumba yetu hapa Ujiji ilibaki imefungwa, hamna mtu, hamna kuku, hata paka alikuwa amehamia kwa jirani. Nilipofungua mlango na kukatiza ukumbini kwenda kufungua dirisha, nilitazama miguu yangu nikaona kama nimekanyaga ufuta mweusi. Ufuta unaoruka. Shangazi, aliyekuwa nyuma yangu na mabegi, alisimama kizingitini akasema, "Hapa tumefanyiwa kitu." Jirani naye akamuunga mkono: nyumba isiyo na mtu viroboto wake wanakula nini wiki tatu, kama si mkono wa mtu?

Hakuna aliyetufanyia kitu. Nitaeleza chini walikuwa wakifanya nini siku zote hizo, maana ukilielewa hilo moja, kazi nzima inakuwa nyepesi. Lakini siku ile sikulijua, nikafanya walichofanya wengi. Nilinunua dawa ya kupulizia pamba, ya kupimiwa, ndani ya chupa ya maji ya kunywa isiyo na karatasi wala maelezo. Tukapulizia kila chumba tukalala kwa jirani. Kuku wawili wakafa, mtoto wa dada yangu akakohoa siku nne, na siku ya kumi viroboto walirudi kama vile hakuna kilichotokea. Tangu hapo dawa za shamba hazivuki mlango wa nyumba yangu. Ninachoandika hapa ndicho kilichofanya kazi baadaye, kwa ufagio, jua, sabuni na majivu, ndani ya wiki sita.

Mjue kwanza unayepigana naye

Kiroboto unayemwona akiruka ni kipande kidogo cha ukoo wake. Katika kila 100 waliomo ndani ya nyumba, wakubwa ni kama 5 tu. Waliobaki ni mayai, mabuu, na wale waliojifungia ndani ya vifuko. Ndiyo maana kuwaua wale wanaoruka hakumalizi kitu. Ni kufuta maji sakafuni huku bomba liko wazi.

Jike akishashiba damu anataga hata mayai 40 kwa siku, na anatagia juu ya paka au mbwa. Mayai hayo ni meupe, laini, hayana gundi. Mnyama akijikuna au akijitikisa yanamwagika kama chumvi, kwa hiyo yanajaa zaidi pale anapopenda kulala. Ndani ya siku 2 hadi 10 yanaanguliwa. Mabuu wake ni wembamba kama uzi, wanakimbia mwanga, wanajichimbia kwenye nyufa za sakafu, chini ya mkeka, kwenye vumbi la uvunguni. Chakula chao ni kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kwa kweli ni damu iliyokauka. Baada ya wiki moja hadi tatu buu anajifumia kifuko cha hariri kinachonata. Vumbi na mchanga vinakigandia hadi huwezi kukitofautisha na taka nyingine.

Sasa hapo ndipo penye siri ya nyumba yetu. Ndani ya kifuko anageuka kiroboto kamili, lakini hatoki hovyo. Anatulia. Kama hakuna anayepita anaweza kukaa miezi bila kula. Akisikia mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi, anapasua kifuko papo hapo, akiwa na njaa yake yote. Sisi tulipoondoka tuliacha mayai na mabuu. Wiki tatu zikatosha wote kuwa tayari, na mimi nikawa wa kwanza kuwagongea mlango. Na dawa ile ya pamba haikuingia ndani ya vifuko. Iliua wakubwa, ikawaacha wanaosubiri.

Basi shabaha yako ni sakafu, na silaha yako kubwa ni kalenda.

Hakikisha ni viroboto kweli

Watu wengi wanapambana na mdudu asiye yeye. Kunguni anakaa kitandani na kwenye mbao, anauma usiku sehemu zilizo wazi za mwili, na haruki. Papasi anakaa kwenye nyufa za kuta za udongo, naye anauma usiku kisha anarudi ukutani. Kiroboto anauma hata mchana, na kwa kuwa mruko wake kwenda juu ni kama sentimita 18, utaona alama nyingi zimejazana kwenye vifundo vya miguu na miundi. Mtoto anayetambaa anaumwa mwili mzima, usishangae.

Vaa soksi nyeupe ndefu, zile za shule zinafaa sana, utembee polepole chumba hadi chumba, ukisimama dakika moja kila kona. Wataruka juu ya soksi nawe utawahesabu. Chumba kilichokupa wengi ndicho kiota. Mimi nilipata watatu jikoni na zaidi ya thelathini chumba cha nyuma, ambako paka alikuwa akilala juu ya gunia la mihogo mikavu.

Mpapase paka au mbwa chini ya mkia na mgongoni. Ukiona chembe nyeusi kama mchanga, ziweke kwenye karatasi nyeupe iliyoloa maji. Zikiacha rangi ya kutu au damu, ni kinyesi cha viroboto. Zikibaki nyeusi, ni uchafu tu.

Anza na wenye manyoya, siku moja na nyumba

Ukisafisha nyumba Jumamosi na kumwosha mbwa Jumatano, umetwanga maji. Vyote viwe siku moja.

Mbwa mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuogea. Anza kwa kumzungushia povu zito shingoni, nyuma ya masikio, kabla hujamlowesha mwili. Viroboto wakihisi maji wanakimbilia kichwani, kwenye macho na masikio; povu la shingoni linawazuia njiani. Mpake mwili mzima, mwache na povu dakika tano hadi kumi, kisha msuuze vizuri. Sabuni za mawese zinazotengenezwa majumbani hapa kwetu zinatoa uchafu vizuri mno, ila ile ambayo haijakomaa ina kostiki kali inayochubua ngozi. Hiyo iache kwa ajili ya sakafu.

Paka ni habari nyingine. Ukimlazimisha kuoga utabaki na makovu, na yeye hatakusamehe mwezi mzima. Tumia kitana cha chawa, chenye meno yaliyobanana. Mkalishe mapajani baada ya kula, chana kuanzia shingoni kwenda mkiani, na kila mara ukichana tumbukiza kitana kwenye bakuli la maji ya sabuni. Hawaogelei, kwa sababu sabuni inavunja ule utando wa juu wa maji unaowaelesha. Fanya hivyo kila siku wiki mbili za mwanzo. Paka wachanga wachane tu, usiwaloweshe. Viroboto wakimzidi mnyama mchanga, awe paka, mbwa au mbuzi, wanaweza kumwishia damu hadi afe. Ukiona fizi zimepauka, mpeleke kwa mganga wa mifugo usisubiri.

Ukiona chembe kama punje za mchele karibu na mkundu wa paka, hizo ni vipande vya tegu. Paka alimpata kwa kumeza kiroboto wakati wa kujilamba, na mtoto mdogo akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kumpata pia.

Hapa Kigoma paka hawafungwi. Dagaa wakianikwa Kibirizi au Katonga, paka wa nusu ya mji wako huko, wanapeana viroboto kama salamu. Hutaweza kuwazuia. Unachoweza ni kuchagua sehemu moja ya paka wako kulala, umtandikie kitambaa kimoja, na kitambaa hicho ukichemshe kila baada ya siku tatu. Mayai yote yanaanguka hapo, unayafua kabla hayajaanguliwa. Kati ya mambo yote niliyofanya, hili ndilo dogo kuliko yote na ndilo lililonisaidia zaidi.

Toa kila kitu nje

Fanya siku ya jua kali. Kiangazi cha huku, Juni hadi Septemba, ndicho kizuri kabisa, kwa sababu hewa yenyewe ni kavu na mabuu wa viroboto hawaishi penye ukavu. Wakati wa mvua itabidi uvizie siku.

Kanga, mashuka, foronya, mapazia na nguo zilizokuwa sakafuni zifue kwa maji ya moto, halafu zianike juani hadi zikauke kabisa. Chandarua chenye dawa usikichemshe na usikianike juani: kifue taratibu kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali, ukianike kivulini, vinginevyo unaiua dawa ya mbu ili kupambana na kiroboto asiyekaa hata huko juu.

Magodoro yatoe saa nne asubuhi, yapige kwa fimbo pande zote mbili, yageuze saa sita, yarudishe saa tisa. Mikeka ifanyie hivyo hivyo, ila itandaze juu ya saruji au mchanga uliopata moto, upande wa chini utazame juu. Vitu visivyofulika, kama midoli na viatu, vifunge ndani ya mfuko mweusi wa taka uuache juani kutwa mbili. Gunia la mihogo, yale makorokoro ya uvunguni, maboksi ambayo mume wangu alisema ana kazi nayo tangu mwaka juzi: vyote nje.

Sakafu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa usiwe na haraka.

Fagia kuanzia kwenye kuta kuja katikati, siyo kinyume. Tumia ufagio mgumu kwenye pembe na kijiti kuchokoa nyufa. Vumbi utakalopata usilitupe nyuma ya nyumba, maana litarudi ndani kwa miguu ya kuku. Lichome moto, au limwage kwenye ndoo ya maji ya sabuni lilale humo. Tuna mazoea ya kunyunyiza maji kabla ya kufagia ili vumbi lisitimke. Kwa kazi hii acha, kwa sababu unyevu ndio uhai wa mabuu. Funga kitambaa puani ufagie kukavu.

Kama sakafu ni ya saruji, ukishafagia chemsha maji, tia sabuni, yamimine kwenye nyufa na kando ya kuta, kisha piga deki na ufungue madirisha ikauke upesi. Watoto wakae nje mpaka umalize. Maji yanayochemka yameharibu ngozi nyingi kuliko kiroboto yeyote. Nyufa zikikauka, ziba kwa saruji kidogo. Ufa mmoja uliozibwa ni nyumba ya mabuu iliyobomolewa.

Kama sakafu ni ya udongo, kama ilivyo vyumba vyangu viwili vya nyuma, maji ya moto yatakuachia tope. Tumia majivu ya kuni. Yachekeche yawe laini kama unga, uyanyunyize kavu kandokando ya kuta, uvunguni, na pale mnyama anapolala. Majivu yanakwangua utando wa nta kwenye ngozi ya mabuu na kunyonya maji yao. Yaache siku mbili, fagia, rudia. Usimpake mnyama majivu wala usimwache mtoto atambae juu yake, kwa sababu yakikutana na unyevunyevu wa ngozi yanachoma kama magadi. Baada ya wiki mbili za majivu, kandika sakafu upya kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu kidogo, uugandamize uwe mgumu usiotoa vumbi. Sakafu iliyokandikwa vizuri inasaidia pia dhidi ya funza wa miguuni, ambaye ni wa ukoo wa viroboto hao hao na anapenda vumbi hilo hilo.

Mtu atakwambia umwage chumvi. Mkoa wetu una chumvi ya Uvinza, rahisi kupatikana, na ni kweli chumvi laini inakausha mabuu. Ila nimeijaribu Machi, mvua ikinyesha, na sitairudia. Chumvi inavuta maji kutoka hewani. Badala ya kuukausha udongo niliufanya uloe, miguu ya vitanda vya chuma ikaanza kutu, na viroboto wakaona nimewahurumia. Kiangazi, juu ya saruji, kwa usiku mmoja au miwili kisha kufagia, sawa. Masika, iache kwenye mboga.

Majani ya mwarobaini chini ya mkeka nayaweka, maana yana kitu kinachovuruga ukuaji wa wadudu wachanga, lakini ni msaidizi tu. Moshi wake haumsumbui aliye ndani ya kifuko ardhini.

Waamshe uwaue

Kumbuka wale wanaosubiri. Ukiwaacha walale utaishi nao hadi mwaka kesho. Kwa hiyo waamshe makusudi, wakati umejiandaa.

Jioni, kabla ya kufagia mara ya pili, tikisa sakafu. Sisi tulihamishia kinu chumba cha nyuma tukatwanga kisamvu humo wiki nzima. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, lakini alipoona soksi zangu aliacha kucheka. Watoto wakiruka kamba chumbani ni sawa, wavae soksi ndefu na waoge baadaye.

Kisha tega beseni. Chukua beseni jeupe pana, lisilo na kina kirefu, tia maji na sabuni ya unga kijiko kimoja, uliweke sakafuni katikati ya chumba. Juu yake ning'iniza taa ya sola au tochi, ikimulika majini, na taa nyingine zote zizimwe. Viroboto wanaruka kufuata mwanga, wanazama. Usitumie kibatari, mtoto akiamka gizani kukojoa atakipiga teke. Asubuhi hesabu na uandike. Beseni halimalizi viroboto, linakupa hesabu tu, na hesabu hiyo ndiyo itakayokupa moyo.

Nasema moyo kwa sababu wiki ya pili wataongezeka. Usiku wa kwanza nilipata 41, usiku wa kumi nikapata 67, nikakaribia kulia. Hao walikuwa wanatoka kwenye vifuko, na wakishatoka hawawezi kurudi humo. Ukikata tamaa siku hiyo na kununua chupa isiyo na jina, umerudi nilikoanzia. Wiki ya nne nilikuwa napata watatu, wanne.

Fagia kila siku wiki mbili za kwanza, halafu siku moja ndiyo moja siyo, hadi wiki ya sita. Nguo za kulalia zifue mara moja kwa wiki. Usiruke.

Panya, na uwanja

Kama nyumba ina panya, maliza viroboto kwanza ndipo utege mitego. Panya akifa, viroboto wake wanamwacha mara mwili unapoanza kupoa na kutafuta mwili mwingine, nao utakuwa wako. Huko Lushoto, mkoani Tanga, ambako tauni ilisumbua watu miaka mingi kuanzia 1980, ni viroboto wa panya walioibeba. Panya aliyekufa ndani usimshike kwa mkono mtupu.

Nje, fyeka majani kuzunguka ukuta, ondoa magunia na mbao zilizolala kivulini chini ya baraza. Jua likifika, mabuu hawakai. Banda la kuku litoe takataka zote uweke majivu makavu. Ukiona viroboto wamejishikiza kwenye upanga na kando ya macho ya kuku wala hawaruki, hao ni wa aina nyingine. Wapake mafuta mazito kama ya kujipaka, wakose pumzi, waanguke.

Usivithubutu hivi

Mafuta ya taa sakafuni au juu ya mnyama. Dawa za pamba na tumbaku. Dawa ya mbwa kumpaka paka: nyingi zina permethrini, ambayo mbwa anaivumilia na paka inamuua. Kitunguu swaumu kumlisha paka, kinaharibu damu yake. Na usimwogeshe mbwa ziwani kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe; kinachoua kiroboto hapo ufukweni kinaua na dagaa.

Walioumwa wasijikune. Kitambaa cha maji baridi kinatuliza, na kucha za watoto zikatwe fupi. Mtu akipata homa na kuvimba tezi za kinenani au kwapani baada ya kuumwa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na aseme kwamba nyumbani kuna viroboto.

Ukisafiri

Desemba tulirudi Kasulu tena, wiki mbili. Safari hii niliacha ufunguo kwa jirani, yule yule wa mkono wa mtu. Nilimwomba kila siku ya tatu aingie, afungue madirisha, atembee vyumba vyote kwa vishindo, afagie uvunguni. Kitambaa cha paka nilikichemsha asubuhi ya kuondoka. Tuliporudi nilivaa soksi nyeupe nikiwa bado nje, nikamzuia shangazi mlangoni, nikaingia peke yangu, nikasimama chumba cha nyuma dakika tano. Usiku nikatega beseni. Asubuhi kulikuwa na mbu wanne, nondo mmoja na kiroboto mmoja.

Jirani aliomba alipwe kwa dagaa kilo moja. Nilimpa mbili.